Barua ya wazi: Msiuite uvimbe wa kinywa "kifuko cha maji" kabla haujapimwa

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya,
Waheshimiwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya,
Waratibu wa huduma za kinywa na meno.

YAH: UVIMBE NA VIDONDA VYA KINYWA VINAVYOTIBIWA KWA KUKISIA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mwambao wa Tanzania. Sikusomea udaktari. Ninayoyajua kuhusu saratani ya kinywa niliyajua kwanza kwa kumuuguza mama yangu, kisha kwa kusoma usiku baada ya kumzika, maana nilitaka kuelewa ni wapi tulipopotea njia.

Sikuanzia kwenye barua ya wazi. Oktoba 2024 niliuandikia uongozi wa hospitali iliyomhudumia, kurasa mbili, nikaambatisha nakala ya daftari lake la kliniki. Barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Januari 2025 nikaandika tena. Nimekwenda mwenyewe mara tatu, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka adhuhuri, nikaambiwa mhusika yuko kikaoni. Hospitali yenyewe siitaji hapa, wala simtaji yeyote aliyetuhudumia. Tangu msiba nimezungumza na watu wa wilaya nyingine waliouguza wazee wao kwa ugonjwa huohuo, na wakianza kusimulia naweza kuwamalizia. Sitafuti mtu wa kuachishwa kazi. Nataka utaratibu ubadilike.

Naomba mnivumilie nieleze yaliyotokea, kwa ufupi.

Mama alikuwa na miaka 61. Alitafuna tambuu tangu alipoolewa. Kijaluba chake cha bati kilikaa chini ya mto: majani, popoo (kokwa gumu la mti wa mpopoo) aliyoikata vipande vidogo, chokaa, katu na kinyuzi cha tumbaku. Tonge alilibana shavu la kulia, upande uleule, kwa zaidi ya miaka arobaini. Ramadhani ya mwaka 2023, wakati wa kufuturu, aliuweka kando uji wa pilipili manga, akasema unamuunguza. Huyu ni mtu aliyekuwa akila pilipili mbuzi na wali wake bila kutafuta maji. Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia afungue mdomo. Kwenye ufizi wa chini, pale gego la mwisho linapopakana na shavu, palikuwa na kivimbe kama punje ya mahindi. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa nyeupe na kavu, mfano wa utando wa uji uliopoa. Nikaisugua kwa kitambaa safi. Haikutoka.

Baada ya Idi tulikwenda hospitali. Tabibu aliangalia kwa muda usiofika dakika moja, akabonyeza kwa kidole, akasema: "Hiki ni kifuko cha maji, kimetokana na jino bovu. Kitaisha." Akaandika amoksilini, metronidazo na dawa ya kusukutua. Tulimshukuru. Njiani Mama alikuwa mchangamfu, akanunua machungwa ya wajukuu.

Daftari lake ninalo hapa mezani. Aprili, dawa hizo. Mei, dawa hizohizo. Juni, gego limeng'olewa, dawa hizohizo. Agosti imeandikwa "pengo halijafunga", na chini yake zikaandikwa antibiotiki za jina jingine. Oktoba tulimkuta tabibu kijana, mgeni pale. Alivaa glavu, akaushika ulimi wa Mama kwa kipande cha gozi (shashi ya hospitali), akauvuta kulia akatazama, akauvuta kushoto akatazama, akamulika chini yake, akapitisha kidole ndani ya mashavu. Halafu akasimama nyuma ya kiti na kumpapasa shingo kwa mikono miwili. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwalimu, hapa panatakiwa kukatwa kinyama cha kupimwa leo, tusisubiri." Katika miezi sita ya kwenda na kurudi, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeigusa shingo ya mama yangu. Matezi mawili yalikuwa yamekwisha vimba, magumu kama kokwa za ukwaju.

Majibu yalikuja Desemba. Mionzi ilianza Januari 2024. Mama alifariki Agosti mwaka huo.

Sasa malalamiko yangu.

1. Jina hutangulia kipimo.

Hili ndilo kubwa, na mengine yote yanatoka hapa. Kulitamka neno "kifuko cha maji" ni rahisi, na anayelisikia analala usingizi. Lilitulaza sisi miezi sita. Mama alipoanza kuumwa usiku, mimi mwenyewe nilimtuliza kwa neno hilo, nikamwambia ni maji tu, Mama, daktari amesema.

Najua vifuko vya maji vya kinywani vipo kweli, tena ni vingi, na sehemu kubwa havina madhara. Nimewahi kuwa na mtoto darasani mwenye kipovu kwenye mdomo wa chini, laini, cha rangi ya samawati. Aliwahi kujing'ata akicheza, kijifereji cha mate kikapasuka, mate yakajikusanya chini ya ngozi. Vya namna hiyo hupasuka vikarudi, na hutolewa kwa upasuaji mdogo tu. Vipo vinavyojitokeza chini ya ulimi, ambavyo madaktari wanaviita ranula, jina la Kilatini linalotokana na chura, maana hufanana na tumbo lake. Vipo pia vya kwenye mzizi wa jino lililokufa, ambavyo huonekana kwenye picha ya eksirei kama doa jeusi la mviringo kwenye ncha ya mzizi. Mama aliambiwa ana hicho cha mwisho. Hakuna aliyempiga eksirei. Hakuna aliyelijaribu jino lake kujua kama limekufa au lingali hai.

Kivimbe kinaweza kuonekana kama kifuko cha maji na kisiwe hicho. Kuna saratani za vitezi vya mate ambazo kwenye kaakaa hutokeza kama uvimbe laini wenye rangi ya samawati, na zikamhadaa hata daktari mzoefu. Kuna uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma, ambao si saratani ila unakula mfupa polepole, na mwanzoni huweza kufanana na kifuko cha kawaida. Na kuna saratani yenyewe iliyo ya kawaida zaidi kinywani, inayoanzia kwenye ngozi laini ya ndani, ambayo mara nyingi hutanguliwa na baka jeupe lisilofutika au baka jekundu. Baka jekundu linatisha kuliko jeupe, na watu wengi hawalijui hilo. Macho peke yake hayatoshi kuvitenganisha vitu hivi. Vinatenganishwa na kinyama kilichowekwa chini ya darubini.

Nisieleweke kwamba nataka kila kipovu cha mtoto kikatwe. Ninachosema ni kwamba tabibu asiye na uhakika aseme hana uhakika, na aliandike hilo kwenye daftari: "uvimbe, sababu haijajulikana, arudi baada ya siku 14." Mstari huo mmoja ungetutia wasiwasi wenye faida.

2. Dawa juu ya dawa, na jino juu ya dawa.

Antibiotiki hutibu vijidudu vya bakteria. Kama uvimbe unatokana na vijidudu, siku chache tu unaonyesha dalili za kushuka. Usiposhuka, mwili umekwisha jibu: huenda tatizo ni jingine. Kuzirudia dawa zilezile mara ya pili na ya tatu ni kulikataa jibu ambalo mwili umekwisha kulitoa.

Ama kung'oa. Jino linaweza kulegea kwa sababu ufizi ni mbovu, na linaweza kulegea kwa sababu kitu kinakula mfupa ulioshika mzizi wake. Pengo la jino lililong'olewa kwa kawaida huziba na ngozi ndani ya wiki chache. La Mama lilikaa wazi miezi miwili, likawa na nyama nyekundu inayotoka damu akipiga mswaki, na hospitali ikaandika tu kwamba halijafunga. Kuandikwa liliandikwa. Aliyeandika hakujiuliza kwa nini.

Kama mwalimu naomba niongeze la watoto, ingawa halikuwa la Mama. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo juu ya watoto waliovimba taya na kulegea meno. Ugonjwa huo, ambao ni saratani, leo unaitwa kwa jina lake, na ni wa ukanda wetu huu wenye malaria. Hukua upesi mno, taya huweza kubadilika kwa siku chache, lakini ukiwahiwa husikia dawa vizuri. Mtoto wa aina hiyo akifika kwenye chumba kinachojua kung'oa tu, atang'olewa meno arudishwe nyumbani, na siku zake ndizo hizo zinazopotea.

3. Kinyama cha mgonjwa nilikipakata kwenye basi.

Siku ile ya Oktoba kinyama kilikatwa, kikatiwa kwenye kikopo kilichowahi kuwa cha vidonge, kikamiminiwa formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kikafungwa plasta na kuandikwa jina la Mama kwa kalamu ya wino. Nikakabidhiwa mimi pamoja na karatasi. Nikaambiwa nikipeleke maabara ya mji mwingine, kwa kuwa hapo hakuna mtaalamu wa kusoma.

Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi. Kikopo nilikizungushia kanga, nikakipakata, maana niliogopa kukiweka chini kikapinduka. Abiria wa pembeni akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia dawa. Harufu ya formalini ilikuwa inapanda, na mkono wangu ulipotoa jasho, wino wa jina la Mama ukaanza kufutika. Nikatoa kalamu kwenye mkoba nikaliandika upya juu ya mapaja yangu, basi likiwa linaruka kwenye matuta. Ningelikosea herufi, au kikopo kingelivuja, majibu yangelikuwa ya nani?

Kulipia nililipa mwenyewe, na sikulalamika. Nililosikitikia ni kusubiri. Wiki saba. Kila nikipiga simu naambiwa nipige wiki ijayo. Wakati huo Mama alikuwa amekwisha acha kula wali, anakunywa uji kwa mrija, na mdomo haufunguki tena. Mtu mzima mwenye afya huweza kusimamisha vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Mama alikuwa anaingiza kimoja.

Waheshimiwa, mnajua kwamba vipimo vya kifua kikuu na virusi vya UKIMWI husafirishwa kutoka vituoni kwenda maabara kubwa kwa mpango maalumu, kwa pikipiki na kwa posta, na ndugu wa mgonjwa hawavibebi. Njia ipo basi. Kilichokosekana ni agizo la kwamba na kinyama cha mdomoni kipite humo.

4. Hakuna anayeangalia.

Siku za upimaji wa afya viwanjani tunapimwa presha, sukari, uzito. Akina mama wanapimwa matiti na shingo ya kizazi, na jambo hilo ni jema, limeokoa watu. Sijawahi kuona meza ya kinywa, isipokuwa ya kugawa miswaki kwa watoto. Vyumba vya meno kwenye vituo vingi vinatambulika kwa kung'oa, na mtu haingii humo mpaka alie. Tena wengi wa wale wanaohitaji kuangaliwa, wazee wa tambuu na wavuta tumbaku, wameshang'oka meno, kwa hiyo hawaoni sababu ya kwenda kwa daktari wa meno hata kidogo.

5. Popoo inauzwa kama peremende.

Hapa nazungumzia kitu cha nyumbani kwetu, kwa hiyo nakizungumzia kwa heshima. Tambuu ni ada ya pwani. Imo kwenye posa, imo kwenye harusi, mgeni alikaribishwa kwayo. Neno lenyewe "uraibu", ambalo siku hizi tunalitumia kwa madawa ya kulevya, wazee wetu walilitumia kwa vitu vya kijaluba. Simlaumu Mama kwa kutafuna alichokutwa nacho ukweni.

Lakini alikuwa na haki ya kujua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani lililoko Lyon, Ufaransa, limeitangaza popoo kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu tangu mwaka 2004. Popoo peke yake, hata isipotiwa tumbaku. Hukakamaza nyama za mashavu mpaka mdomo usifunguke, pilipili ikaanza kuunguza, na kinywa kilichofika hapo kimo katika hatari kubwa zaidi ya saratani. Uji uliomuunguza Mama siku ile ya futari ilikuwa dalili inayojulikana kwenye vitabu. Tumbaku ya kutafuna nayo husababisha saratani, na ugoro, na sigara. Pombe ikiungana na tumbaku hatari inapanda kuliko ya kila kimoja peke yake.

Leo, hatua chache kutoka geti la shule yangu, kuna vipakiti vya rangi vyenye popoo tamu, bei ya shilingi za mtoto, vimetundikwa pamoja na pipi. Hakuna onyo. Pakiti ya sigara angalau imeandikwa onyo.

Najua nitakavyojibiwa, na baadhi ya majibu nimeshayapata kwa mdomo kwenye lile benchi.

Nitaambiwa ugonjwa huu ni wa nadra. Kwa mwaka 2022 peke yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wapya 389,846 wa saratani ya midomo na kinywa duniani, na vifo 188,438. Idadi kubwa iko Asia ya Kusini, kunakotafunwa popoo. Mwambao wetu umekuwa na biashara na nchi hizo kwa karne nyingi, na popoo tulishirikiana nao. Na hata ungekuwa wa nadra, mgonjwa mmoja aliyekaa mbele ya tabibu mara nne si nadra tena kwa tabibu huyo.

Nitaambiwa wagonjwa wanachelewa kuja. Wengi wanachelewa, ni kweli, na wengine huanzia kwa mganga wa kienyeji. Mama alifika katika wiki zile za kwanza. Tarehe ziko kwenye daftari.

Nitaambiwa wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache. Nakubali. Ila kuangalia hakuhitaji mtaalamu huyo. Kunahitaji tochi, glavu, kipande cha gozi na dakika tano. Katika wilaya ya Trivandrum, jimbo la Kerala nchini India, wahudumu wasio madaktari walifunzwa kuangalia vinywa vya watu wa miaka 35 na zaidi, nyumba kwa nyumba, kuanzia mwaka 1996. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: kati ya watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 ukilinganisha na vijiji ambavyo havikufikiwa. Macho na mikono iliyofundishwa ndiyo iliyofanya hivyo. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba tayari, wananijua mimi na ninawajua.

Nitaambiwa watu wenyewe wanaogopa kisu, wanaamini saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Wanaamini. Kwetu alikuwepo shangazi aliyeshika mlango siku ya kwenda kukatwa kinyama, na baada ya mazishi alisema mbele ya watu kwamba ni kile kisu. Sasa nani wa kumweleza shangazi kwamba matezi ya shingo yalikuwepo kabla ya kisu? Nilijaribu, mimi ni mtoto kwake, hakunisikiliza. Anasikiliza redio. Anasikiliza khutba. Wizara ikisema kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa miezi na si kwa siku moja ya maadhimisho, atasikia.

Na nitaambiwa hakuna fedha. Sawa, tuhesabu. Kidonda kidogo kilichowahiwa hukatwa, kikashonwa, na mara nyingi hakihitaji zaidi. Kikichelewa ni upasuaji wa taya na shingo, mionzi ya wiki kadhaa na dawa za sindano. Mionzi haiko kila mkoa. Mgonjwa husafirishwa mpaka hospitali kama Ocean Road ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza, na ndugu wa kumwangalia anapanga chumba huko na kuacha kazi yake. Na baada ya gharama hizo zote? Marekani, ambako takwimu hizi hufuatiliwa kwa karibu, wagonjwa waliokutwa saratani ingali mahali ilipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Iliyokwisha sambaa mbali, hawafiki nusu.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, na hili lisipotekelezwa mengine yataniwia vigumu kuyaamini: itolewe amri ya maandishi, ibandikwe kwenye kila chumba cha matibabu cha zahanati, kituo cha afya na hospitali, kwamba kidonda, baka au uvimbe wa kinywa usiopona ndani ya wiki 2 baada ya kutibiwa mara ya kwanza usiandikiwe antibiotiki mara ya pili bila kinyama kukatwa au mgonjwa kupewa rufaa. Uingereza, kidonda cha kinywa kisichojulikana sababu kikipita wiki 3 ni sababu ya kumtuma mtu achunguzwe saratani. Sisi wenye popoo na tumbaku hatuna sababu ya kungoja zaidi ya hapo. Vivyo hivyo pengo la jino lisiloziba, na ganzi ya mdomo wa chini isiyo na maelezo.

Pili, vinyama vya kinywa visafirishwe na serikali kwa njia ileile ya vipimo vingine, kwenye vyombo vyenye lebo isiyofutika, na majibu yatumwe kwa simu ya tabibu aliyekata na ya mgonjwa. Wekeni siku za mwisho za kutoa majibu, mzitangaze, ili mtu ajue lini ana haki ya kuuliza.

Tatu, kinywa na shingo viingizwe kwenye kila siku ya upimaji, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafunzwe kuangalia. Waanzie kwa watu wa miaka 35 na kuendelea wanaotafuna, wanaovuta au wanaokunywa. Mei 2021, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya afya ya kinywa, na mpango wa utekelezaji wa 2023 hadi 2030 upo. Naomba tuambiwe sisi tuko ukurasa gani.

Nne, popoo na mchanganyiko wake viandikwe onyo kwa Kiswahili, na visiuzwe kwa watoto wala karibu na shule. Wazee wanaotafuna wasitiwe aibu. Wapewe msaada wa kuacha, na wakishindwa kuacha basi waangaliwe kinywa kila mara.

Tano, barua zangu mbili zijibiwe. Sidai fidia. Nataka hospitali ile ikae na daftari la Mama, isome Aprili hadi Oktoba, na iniandikie nini kimebadilishwa ili mgonjwa mwingine anayekalia kile kiti asipitie njia ileile. Natoa siku 60 kuanzia siku barua hii inaposomwa. Zikipita kimya nitaipeleka kwa mbunge wetu na kwenye baraza la madiwani, na wale niliokwisha zungumza nao, wenye madaftari yao, tutakwenda pamoja.

Yule tabibu kijana wa Oktoba alihamishwa kituo mwaka uliofuata. Nilimtafuta nimshukuru, sikumpata. Kama barua hii itamfikia, ajue kwamba Mama alimwombea dua mpaka siku alizokuwa hawezi tena kutamka, akimwita "yule aliyenishika shingo". Naomba, Waheshimiwa, mumtafute ninyi. Mumwulize nani alimfundisha kuangalia vile, kisha mafunzo hayo muwape wengine.

Nakala za daftari, za risiti na za barua zangu zote ziko tayari kwa yeyote kati yenu atakayezihitaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
mtoto wa marehemu.

Nakala: Uongozi wa hospitali husika, pamoja na barua za Oktoba 2024 na Januari 2025.